Moyo wa Fundi Cherehani Juu ya Baiskeli

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na wanangu wote huko mbali mliko. Hamjambo? Kile kikohozi cha wifi kimepona? Na mgongo wako je, bado unakusumbua ukikaa sana ofisini? Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Shemeji yako aling'olewa jino wiki iliyopita, na kwa siku nzima nyumba ilipata utulivu ambao sijauona tangu anioe.

Najua unaruka mistari ukitafuta jibu. Jibu ni hili: sina ugonjwa wa moyo. Sasa vuta pumzi, usome taratibu, maana nataka nikusimulie yote.

Ile saa ya kupima mapigo ya moyo uliyonitumia niliivaa siku ileile. Unajua nilivyo na baiskeli yangu tangu niinunue mwezi uliopita, mama akinung'unika: napeleka nguo za wateja mwenyewe, narudi na vitambaa, simsubiri mtu. Nikapanda kile kilima cha kwenda sokoni, saa ikaanza kutetemeka mkononi. Kutazama, mapigo mia moja sabini na moja kwa dakika. Nikashuka, nikakaa ukingoni mwa barabara na sare za wahudumu wa hoteli mapajani, nikaanza kutubu dhambi zangu, nikianza na kubwa.

Na kwa kuwa saa hiyo inapeleka umbea wake mpaka kwenye simu yako, ulipiga kabla sijafika mbali. "Dada, shuka kwenye hiyo baiskeli. Umemsahau baba?" Sijamsahau, mdogo wangu. Mwaka huu nimefikisha umri aliokuwa nao moyo wake uliposimama, akaanguka kwenye ngazi za kazini kwake. Nilikuwa nalijua hilo na sikumwambia mtu. Ndiyo maana nilikuapia kwamba sitaigusa baiskeli mpaka nionwe na daktari.

Aliyefurahi ni mama. Aliifunika baiskeli kwa shuka pale ukumbini, ikawa kama tuna maiti ndani. Si unaijua nyumba yetu? Tangu baba afariki, hakuna aliyeruhusiwa kukimbia. Basi likituacha, lituache. Mvua ikitukuta njiani, tunalowa kwa heshima. Majirani walidhani ni maringo, kumbe ni amri ya mama.

Siku ya kupimwa ilipofika, daktari, mama mmoja mcheshi, alinibandika nyaya kifuani akanipandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Akaniambia niendeshe kama ninavyoendesha siku zote. Nikaendesha. Akautazama mtambo, akaitazama miguu yangu, akaweka kalamu chini.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni fundi cherehani."

"Cherehani ya umeme?"

"Ya miguu. Tangu nikiwa msichana."

Alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. "Sasa hapa unashona nini?"

Kumbe mdogo wangu, mimi nakanyaga pedali kama ninavyokanyaga cherehani: harakaharaka, kwa wepesi, bila kupumzika, kana kwamba nina pindo refu la kumaliza na mteja amesimama mlangoni. Na gia haijawahi kutoka kwenye ile nyepesi kuliko zote, kwa sababu muuza baiskeli aliniambia nisiiguse kama siijui, na mimi ni mtiifu. Miguu ikizunguka kwa kasi namna ile, moyo nao hauna budi kuifuata. Ongeza kilima, jua la mchana, na maji ambayo siyanywi nikihofia kutafuta choo njiani. Tena mimi ni mgeni wa mazoezi, na moyo wa mgeni hupiga mbio kuliko wa mwenyeji.

Nikamuuliza mbona saa ilinitisha hivyo. Akasema kiwango kinachoifanya saa itetemeke ni makadirio tu ya watu wa umri wangu. Hapo nilimwelewa upesi. Ni nguo za dukani hizo, zimekatwa kwa ajili ya wote na hazimkai vizuri mtu yeyote.

Aliniuliza kama kifua kiliuma, kama nilipata kizunguzungu au giza la macho. Hapana, nilikuwa natweta tu. Kisha akanisimamisha, tukaziangalia namba zikishuka. "Moyo mzima hupanda kukiwa na kazi, na kazi ikiisha hutulia," akasema. "Wako unajua kutulia." Ameniasa kwamba kifua kikiuma, nikiona kizunguzungu au moyo ukienda mbio nimekaa tu, nisingoje hata dakika.

Mwisho alinipa kile kipimo chake cha masikioni nijisikilize. Nililia, sikufichi. Maisha yangu yote sikuwahi kuuacha moyo wangu ufanye kazi, ndiyo maana siku ulipoifanya nilidhani unakufa. Na siku zote nilidhani nimebeba moyo wa baba. Kumbe ni wangu.

Sasa nimejifunza gia. Miguu nimeipunguza mwendo, chupa ya maji ninayo, na kilima napanda huku nikizungumza. Shemeji yako anasema kuzungumza ndilo jambo pekee ambalo sikuhitaji kufundishwa. Jana nilifika kileleni, nikasimama pale nikatweta kwa raha zangu, na watu wakanitazama nikicheka peke yangu.

Na mama je? Shuka ameliondoa mwenyewe. Jioni aliuliza kama kile kiti cha nyuma kinaweza kubeba mtu mzima.

Wanakusalimu wote hapa: mama, shemeji yako mwenye pengo, na wapwa zako, ambao wanauliza kama na wao watapata saa. Msalimie sana wifi, na wanangu uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awatunze, awape afya na usingizi mwororo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo sijakwambia. Nikiwa natoka, daktari aliniuliza kama nina ndugu. Nikasema ninaye mmoja. "Naye amepimwa?" Nilipofika nyumbani nikampigia wifi. Wifi ameniambia kwamba unangoja lifti hata kwa ghorofa moja, na watoto wakikuita mcheze unakaa benchi ukiwashikia makoti. Amenieleza pia kwamba saa ile ilikuwa yako, na uliivua kwa sababu hukuthubutu kuitazama. Mdogo wangu, ulinilinda mimi kwa kitu ambacho wewe mwenyewe kilikushinda. Sikwambii ukimbie. Nakuomba ukapimwe wiki hii. Huenda ukaambiwa u mzima kama mimi, na kama kuna tatizo litashikwa mapema, nafasi ambayo baba hakuipata. Lolote watakalokwambia, nipigie mimi kwanza, kabla hata hujavaa shati.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye kuliko unavyonisikiliza.