Vioo Chumbani mwa Miche

Morogoro, Jumatano alasiri

Shikamoo Mama,

Kazi iliyonileta huku ni migomba. Ya Kinole inakufa kwa ugonjwa, kwa hiyo tunakuza miche salama chumbani, ndani ya chupa, chini ya taa za tyubu. Umeme ni wa mgawo, na jenereta inawasha nusu tu ya taa. Miche ikaanza kupauka. Basi nikanunua vioo, siku hizi vimejaa madukani Mwembesongo, nikazungushia rafu ili mwanga usipotelee ukutani. Miche ikarudi kijani, nami nikajiona fundi.

Leo wingu zito limeshuka kutoka Uluguru. Radi ya kwanza tu, Eufrasia, mwenzangu wa kazi, akaingia mbio na kanga na mashuka, akaanza kufunika vioo.

"Unaiua miche!" nikamfokea.

"Na wewe unatuua sisi! Vioo vyote hivi, unaiita radi?"

Nikifunua, anafunika. Tukavutana kanga mpaka radi ikapiga juu ya paa, madirisha yakatetemeka. Nilipojitambua, nilikuwa nimevua mtandio wangu na kufunika kioo cha mwisho kwa mikono yangu mwenyewe.

Mvua imepungua, ila bado kunanguruma. Tumekaa mlangoni, hakuna anayenyanyuka kuvifunua. Na masika ndiyo kwanza yameanza.

Wasalimie wote, Mungu awakinge. Kuvifunika ulinifundisha, Mama. Wakati wa kuvifunua hukuniambia.

Mwanao akupendaye,
Neema