Boksi ya Mgongo Wazi Ilivyopita Kondele

Kwako Nakato,

Ni mimi, yule wa pikipiki ya kijani mwenye alikuwa anakubeba kutoka Kondele, hapa Kisumu, mpaka kwa maabara. Pale steji wananiita Bubu juu siongei. Na wewe uliniita hivyo, lakini ulikuwa unasema polepole, kama jina ya mtu.

Siku ya kwanza ulikuwa umeshuka basi ya kutoka Uganda, umekumbatia ile boksi nyeupe. Ukaniambia, "Usipite kwa shimo." Nikakuangalia kwa kioo. Barabara ya hapa bila shimo ni gani? Nikazunguka, nikazunguka, mpaka ukacheka.

Ukaniambia ndani ni mgongo wazi. Nikadhani unanichezea. Mimi nimekulia hiyo, mifupa ya samaki mbuta, ile kiwanda imeshatoa nyama, mama anakaanga tunanyonya. Ukanieleza vile ulichoma ile mifupa ukaisaga mpaka ikawa ndogo macho haiwezi kuona, na ukiipaka kwa kitambaa inashika sumu kwa maji ya ziwa. Lakini lazima mashine iione kwanza ndio walimu waamini. Na mashine ni moja. Mnagawana na vyuo za Kenya na za Tanzania na za kwenu, kila mtu na siku yake. Walikuwa wanakufundisha kuitumia, lakini siku yako ya kuweka boksi ilikuwa Alhamisi. Ukikosa hiyo, masomo inakatwa, unarudi nyumbani hivyo tu.

"Kitu naogopa ni moshi," ukasema. "Masizi ikiingia, mashine itaona masizi."

Alhamisi Kondele ikaamka na maandamano. Nilikukuta kwa geti ya pale ulikuwa unalala umesimama, uso imekauka. Hukuuliza kama tutafika. Nilivua jaketi nikafunga boksi yote, ukapanda.

Njia ya nyuma nayo waandamanaji walikuwa wamefunga. Tairi zinawaka, moshi nyeusi imelala chini kabisa. Wakatusimamisha. Mmoja alikuwa wa steji yetu, akaanza kucheka.

"Bubu! Leo umepata bibi?"

Nilisikia vidole yako imeshika shati yangu nyuma.

"Hiyo mmefunika ni nini?" mwingine akauliza. Huyo hakuwa anacheka.

Nikasema, "Mgongo wazi."

"Mgongo wazi inavalishwa jaketi?"

"Imesagwa. Haionekani."

"Omera, ndugu yangu, mnabeba kitu haionekani mnapeleka wapi?"

"Kwa mashine ya kuiona."

Wote wakaangua kicheko. Lakini yule mwingine alikuwa ameshaweka mkono, anavuta jaketi. Anataka kufungua. Moshi ilikuwa inapita katikati yetu, naiona na macho. Hapo ndio nikaongea. Nilimwambia hiyo ni dawa ya maji, maji hii hii watoto wetu wanakunywa inawaumiza tumbo. Nikamwambia huyu msichana amengoja mashine mpaka amekonda, na saa hii kuna mwenye ameketi kwa mlango ya maabara anataka nafasi yake. "Ukifungua umemrudisha kwao. Chukua pikipiki. Boksi wacha."

Akanyoosha mkono nikampatia funguo.

Tukatembea. Boksi nilibeba mimi, nimeikumbatia kwa kifua kama mtoto mgonjwa. Huko kwa maabara kweli kulikuwa na kijana wa Tanzania amekaa na boksi yake kwa magoti, anaangalia saa. Ukavua viatu mbio uingie, nikakupatia boksi. Ukageuka mlangoni, na mimi maneno yote ilikuwa imebaki Kondele. Nikainua kichwa tu.

Pikipiki walinirudishia, kioo moja imevunjika. Lakini niliporudi jioni kukuchukua, askari akaniambia gari ya chuo imewapeleka wanafunzi wa Uganda moja kwa moja hadi mpakani, juu barabara ni mbaya. Basi nikabaki hapo. Kutoka siku hiyo, nikisikia harufu ya tairi inawaka, nakumbuka ile boksi. Nilikuwa nasema, kama moshi iliingia, iliingia kwa mikono yangu.

Jana msichana mwingine alishuka basi na boksi nyeupe. Wenzangu wakamzunguka, "Twende, madam, twende." Akasema, "Natafuta Bubu." Nilimbeba mpaka kwa geti ya maabara bila kuuliza, naogopa. Aliposhuka ndio nikasema, "Ile ya Nakato. Mashine iliona moshi?"

Akaniangalia. "Iliona mifupa tu. Amemaliza masomo, hukujua?"

Nilijifanya nafunga kofia.

"Amesema pia nikuulize jina yako. Anasema amekuita Bubu na wewe ndio uliongea."

Nilimwambia. Lakini sitaki uisikie kwa mtu mwingine, ndio maana nimeandika hii yote. Ukirudi Kisumu, na boksi ama bila, uniite nayo.

Mtu wako wa pikipiki,
Ochieng.