Vitwitwi wa Ziwa Jipe na Maziko ya Baba

Ziwa Jipe, upande wa Mata, Taveta

Kwa dada yangu Mbithe,

Nakusalimu nikiwa na majonzi. Mwili wangu ni mzima, nanyi naomba muwe wazima, wewe, shemeji na watoto. Mama je, ameanza kula?

Barua yako nimeipata. Unasema watu huko wanauliza ni mwana gani huyu asiyekuja kumzika baba yake. Nitakueleza ilivyokuwa.

Unajua mzungu ninayemfanyia kazi hukusanya ndege. Yeye huwapiga risasi kando ya ziwa, mimi nawachuna na kuwajaza pamba. Mwezi huu alitaka aina moja tu, kitwitwi. Ni ndege mdogo kama ngumi, mgongo rangi ya udongo, tumbo jeupe, na weupe huo unapanda mbele ya bawa. Hutembea peke yake ukingoni mwa maji akitikisa mkia bila kupumzika. Ukimshtua huruka chini chini akilia twii-twii-twii. Yuko mwingine wa kufanana naye, ila huyo ana madoadoa mgongoni, na akiruka utaona kiuno cheupe. Vitwitwi huja mwezi wa nane, na wa nne huenda Ulaya kuzaa. Kabla ya safari hula mpaka wajae mafuta. Hao wanene ndio bwana aliowataka.

Karatasi ya simu ya msiba mliyoileta kwa posta ilinikuta katika siku hizo. Nikampelekea.

"Bwana, baba yangu amekufa. Naomba ruhusa niende Kitui. Atazikwa kesho kutwa."

Akaisoma, akanirudishia. "Pole. Lakini ndege wanaondoka. Wakiisha kwenda, nawe utakwenda."

"Baba hataningoja, bwana."

"Basi hakuna haraka," akasema, akaendelea kusafisha bunduki.

Niliondoka bila ruhusa, dada. Nilipanda gari moshi Taveta, tukapita Salaita mpaka Voi. Pale stesheni askari akataka pasi, karatasi ya bwana ya kuniruhusu kusafiri. Nikamwonyesha ile simu.

"Siku hizi za Hali ya Hatari kila mtu ana simu ya msiba," akasema.

Nililala selo, kesho yake nikarudishwa kama mbuzi aliyepotea. Bwana hakunigombeza. Alinionyesha vitwitwi juu ya meza na kisu kando yao. Siku mliyomzika baba, mikono yangu ilikuwa imelowa mafuta ya ndege.

Jana ameniambia, "Wote wamekwenda. Sasa nenda nyumbani." Pasi ninayo mfukoni. Nitakuja, ingawa sijui nitamtazamaje mama.

Nakuomba usimsomee barua hii. Mwambie nilikuwa mgonjwa, sikuweza kusimama. Ugonjwa ataufahamu. Haya ya ndege hatayafahamu, na mimi mwenyewe siyafahamu.

Nisalimie shemeji, na shangazi Kalondu anayelala na mama siku hizi. Nisalimie sana mjomba Nzioka, aliyetia udongo wa kwanza mahali pangu.

Ni mimi ndugu yako, mwenye uchungu,
Kyalo