Lango Lililoshushwa Jichoni

Kwa mdogo wangu Zena,

Marahaba, najua umeshaniamkia hata kabla barua haijafunguliwa. Magoti yanasemaje na mlima huo? Migomba imezaa? Mimi huku Gairo nipo, na upepo wake na vumbi lake. Nasema mimi, anaandika mjukuu wetu Mwajuma, mwalimu wa Kiingereza. Na huyo mwanao anayekusomea asiruke neno.

Zena, jicho langu la kulia nimepasuliwa. Usishike kichwa, nimepona. Walinichoma ganzi, nikalala nawasikia wanabishana habari za mpira, kesho yake wakanifungua bandeji. Kufika nyumbani nikashika ungo wa karanga za mbegu nilizochambua kabla ya kwenda. Mbovu tele! Mwajuma akainamisha kichwa. Kumbe siku zote nikilala yeye anazichambua upya, asinivunje moyo. Hizo tu hakuwahi.

Na wewe ni hivyo hivyo. Unamwaga chai nje, unalaumu kikombe. Wanao wanafuta nyuma yako, wamenyamaza.

Nilimwuliza Mwajuma, huu ugonjwa wa mtoto wa jicho Waingereza wanauitaje? Akasema katarakti. Neno hilo hilo ndilo wanaloyaitia maporomoko makubwa, maji mengi yanayojitupa kutoka juu, siyo vijito vya kuogea watoto. Hata mvua ikimwagika kwa fujo, vitabu vyao huiita hivyo. Wayunani wa kale ndio wenye neno, maana yake kinachoshuka kwa kasi. Warumi wakalichukua, wakaliitia pia lango zito la ngome, lile la kuangushwa adui asipite. Wanaojua wanadhani jicho lilipata jina kwa lango hilo: limeshuka, mwanga umebaki nje.

Nikamwambia Mwajuma, "Basi lililoshindwa ni lango, siyo jicho."

Wewe ulinitumia salamu kwamba bora giza kuliko kisu. Nimekusikia. Hata mimi niliogopa mpaka nesi akanishika mkono. Siwezi kukuahidi kitu, daktari ndiye atakayekupima, si kila giza ni hili. Lakini nitakaa mlangoni kwa daktari, na ukiingia na ukitoka mkono wangu utaushika.

Nisalimie shemeji, mumeo mvumilivu, na kaka yetu anayeshika neno la ukoo; mwambie shamba lako la urithi wa mama lisiguswe ukiwa safarini. Jirani yako mshona nguo naye nimemkumbuka.

Mahindi yakishavunwa nakuja mwenyewe kukuchukua. Usijifiche migombani. Safari hii nitakuona.

Ni mimi dada yako, tuliyenyonya ziwa moja,
Mwanahawa