Futari ya Mwinjuma Haikuwa na Sumu

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipoinamia sinia la futari, Baba Idrisa, nasi tukadhani unachukua kipande cha kiazi. Ramadhani imerudi na mimi bado nimeduwaa. Ulikuwa hata hujamaliza kucheka.

Wengi hapa Mwembesongo walikujua kwa viazi vyako. Ulipopunguzwa kazi kiwandani ulipanda Matombo, kwenye shamba la ukoo wa mama yenu, ukalima vile viazi vitamu vya zambarau ambavyo watu wa mjini walishavisahau. Maduka yalikuwa yamejaa mikate na mafuta ya kopo. Wakawa wanakuuliza, "Mwinjuma, siku hizi kila kitu ruksa, wewe unatuletea viazi?" Unawajibu, "Na viazi navyo ruksa." Kisha unawakatia kimoja waone rangi ya ndani.

Jikoni ulikuwa hutoki. Unavipanga mwenyewe juu ya majani ya mgomba, tui jepesi kwanza, zito mwishoni, na iliki ya kwenu mlimani. Dada yako Mwanaasha, jirani yetu ukuta kwa ukuta, alikuwa anakufukuza na mwiko. "Toka hapa, Mwinjuma, mwisho utanyonyesha." Unacheka, unafunua sufuria tena.

Siku ile futari alipika yeye, viazi na kunde. Kunde zilikuwa za zamani, hazitaki kuiva. Ukachukua magadi wewe, kwa mkono wako, ukatia. Nilikuwa hapo hapo nakuna nazi, nikaona. Viazi vilipoingia, mchuzi wote ukageuka kijani. Ukasema, "Haya, leo tunafuturu majani." Tukala wote, watoto nao. Wewe peke yako ndiye hukuinuka.

Daktari alisema ni moyo. Tukamrudishia Mungu kilicho chake. Lakini wanaume hawajarudi hata makaburini, nikamsikia mama mmoja uani kwangu anamwambia mwenzake, "Uliiona ile sufuria? Kijani kile si bure. Dada mtu anataka shamba." Mtu amekufa, watu wanachungulia sufuria.

Nikiwa eda niliwaambia wote waliokuja kunipa pole kwamba viazi vile vikikutana na magadi ndivyo vinavyogeuka, na aliyetia magadi ni marehemu mwenyewe. Waliitikia, wakaenda zao, wakaendelea kusema. Mwanaasha hajapikia watu tangu hapo. Kwenye harusi ya jirani alikaa na wenzake kuchambua mchele, wakamwambia apumzike tu. Akajikung'uta khanga, akarudi ndani kwake. Dada yako huyo, Baba Idrisa, aliyekubeba mgongoni. Sikutegemea kuyaona haya kwa watu tunaosali nao.

Juzi nilimfuata. Nikamwambia, "Wifi, futari ya dua ya mdogo wako unapika wewe."

"Hawatakula, wifi."

"Wasipokula tutakula sisi. Viazi na kunde, na magadi utatia."

Akaniuliza kama nazi zipo.

Basi Ijumaa hii tunafuturu nyumbani kwako, kisha tunakusomea dua. Majirani wote wamekaribishwa. Chakula kitakuwa cha kijani, tunasema mapema ili asije mtu akashtuka, na mpishi ni Mwanaasha binti Salehe. Kwenye sinia la wanawake, wa kwanza kutia mkono nitakuwa mimi.

Unakumbukwa na dada yako Mwanaasha, mkeo Maimuna, mwanao Idrisa na wadogo zake, na ukoo wote wa Matombo. Mwenyezi Mungu akughufirie, akupanulie kaburi lako. Daima u pamoja nasi, Mwinjuma, hatutakusahau.