Makala ya Moto Kando ya Kitanda

Koko, nyanya yangu,

Sasa ni Mama anapika mandazi. Batu banakuja asubuhi, banaonja, banasema ni muzuri, mais habarudi kila siku kama wakati wako. Jiko yako ya kuni Papa aliibomoa mara tu kilio ilipoisha. Sikupenda. Ukuta ungali mweusi, na mimi, usicheke, ninapitisha kidole pale nikiwa peke yangu.

Ulipokwisha kuenda, muuguzi alieleza kwa Kifaransa, nikabageuzia batu ya nyumba kwa Swahili: moshi ya ile jiko, ya miaka mingi, ilichokesha mapafu yako, donc pneumonie, ile homa ya mapafu, ilikukuta hauna nguvu. Muzee mwenye kifua kama ile, akipata homa na kupumua mbio, ni hospitali siku ile ile. Sisi tulikufungia dirisha. Tukaweka mbabula, jiko ndogo ya makala yenye moto, kando ya kitanda, sababu baridi ya Butembo ilikuwa kali. Batu ya kanisa bakajaa chumba, bakaimba. Ukanishika mukono: "Kavira, hewa imeenda wapi?" Tulifikiri ni homa inaongea, kumbe makala ndiyo ilikuwa inakula hewa.

Juzi ni Babu, bwana yako, alishikwa. Kikohozi yake ya zamani ikawa nzito, mwili moto, mabega inapanda kila akivuta pumzi. Baba mukubwa akasema, "Ni baridi tu, leteni makala." Zikaletwa. Unanijua, Koko. Ulikuwa unasema, "Huyu hata kuku inamutisha." Nilibeba ile mbabula, nikaitoa nje mbele yao bote, nikafungua dirisha. Baba mukubwa akaniuliza, "Weye, nani amekutuma?" Nililia tu, nikaonyesha kifua ya Babu na kidole. Papa akaangalia. Halafu akatoka kuita pikipiki.

Babu iko hospitali, na oxygène puani. Docteur anasema tungoje. Akiamuka anaita jina yako, anakusemesha kama uko pale pale, anatabasamu. Hapo ndipo ninaogopa sana, na hapana mutu nimemuambia. Ni weye tu.

Lala vizuri, Koko. Ninakuahidi sitamuacha peke yake, na siku ingine nitasema, hata sauti ikitetemeka. Mais akipiga hodi kwako, tafazali, usimufungulie. Najua umemukumbuka. Uvumilie kidogo.

Mujukuu wako,
Kavira