Niliomba Nishtakiwe

Alhamisi, jioni. Ukungu umeshuka kutoka msituni tangu mchana na haujaondoka. Nguo nilizofua jana bado mbichi. Sina hasira wala furaha. Nimechoka tu, kama mtu aliyetoka kuvuna ngano.

Leo, mbele ya kijiji kizima, niliomba nishtakiwe.

Nianze na Januari. Nilimpeleka Veronika wangu kuandikishwa darasa la kwanza. Ametimiza miaka saba. Miguu yake haimbebi tangu alipougua akiwa mdogo. Anatambaa, na baba yake amemkatia vipande vya tairi la gari anavyovifunga magotini. Mwalimu mkuu alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Mama Vero, huyu atapata taabu hapa. Choo chetu ni cha shimo. Wenzake watamkanyaga. Ngoja tusikie kama masista wa misheni watamtafutia nafasi mahali."

Alisema kwa upole. Angenifokea ningejua la kumjibu. Nilimbeba mwanangu, tukarudi. Mume wangu akasema yameisha, tusijidhalilishe tena. Mimi ndiye ninayewafundisha kina mama wa hapa kusoma katika darasa la kisomo, na mtoto wangu anabaki nyumbani akichambua maharage.

Basi leo amekuja afisa elimu kutoka Mbulu. Tukaitwa wote mbele ya ofisi ya kijiji. Akatusomea sheria mpya ya elimu, iliyopitishwa mwaka jana: kila mtoto aliyefikisha miaka saba lazima aandikishwe, na mzazi asiyefanya hivyo atapelekwa mahakamani. Aliisoma kwa sauti kubwa, akiwatazama zaidi wazee wenye mifugo, maana wengi wamewaficha watoto wao machungani.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mzazi ambaye mtoto wake hajaandikishwa. Watu wakatazama chini.

Nikanyoosha mkono.

"Mimi ninaye. Nipelekeni mahakamani."

Watu walicheka. Afisa hakucheka. "Kwa nini hukumwandikisha, mama?"

"Nilimpeleka, akakataliwa. Sasa nataka nikamwambie hakimu hivyohivyo, anieleze kosa ni la nani."

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu akasimama, akaeleza habari ya miguu, ya choo, ya watoto kusongamana. Hakudanganya hata neno moja. Wakati anaongea nikamwona mume wangu anainuka, anaondoka. Nikajua nimemwaibisha. Nilitamani kukaa chini, lakini nikabaki nimesimama.

Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hapa nimesoma ‘kila mtoto’. Kama kuna mahali pameandikwa ‘isipokuwa huyu’, nionyeshe, nami nitanyamaza."

Mwalimu mkuu akaketi.

Ndipo mume wangu akarudi, Vero yuko mgongoni kwake. Alikuja akasimama kando yangu, anahema, tope limemfika kwenye vigimbi. Afisa akamuuliza mtoto jina lake. Vero akaficha uso shingoni mwa baba yake. Hajawahi kuona watu wengi namna ile, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Nyumbani tunasema Kiiraqw.

"Haidhuru," afisa akasema. "Jumatatu aanze."

"Na choo?" mwalimu mkuu akauliza.

Afisa alikuna kidevu. Alisema hilo kijiji kiliangalie, akapanda gari lake akaenda zake.

Sheria imemfikisha Vero mlangoni. Chooni haikumfikisha.

Na si wote wamefurahi. Afisa, kabla ya kuondoka, aliagiza mabalozi wa nyumba kumi wapite nyumba kwa nyumba. Jirani yangu Mama Anna alikuwa amemweka bintiye nyumbani amlelee mdogo wake. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Umejitafutia wewe, umetuchomea sisi," akashika njia ya shambani. Nadhani Anna anapaswa kusoma. Nadhani pia mama yake hana wa kumshikia mtoto wakati wa palizi. Yote mawili ni kweli.

Jioni hii mwalimu mkuu amepita hapa. Hakukubali kuingia, alisimama uani kofia mkononi. Akasema vijana wa darasa la saba watajenga kiti cha mbao chenye tundu, kiwekwe chooni. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayeona haya:

"Akitaka kwenda haja, huwa anasemaje?"

Nikamfundisha neno letu. Yeye ni mtu wa Bukoba. Alilirudia mara nyingi, analivunja kila mara, hata mume wangu akaangua kicheko, naye akacheka. Akaondoka akilisema peke yake njiani.

Vero amelala mapema. Kabla ya kulala aliniuliza, "Mama, nikiwa darasani wewe utakaa wapi?" Nikamwambia nitakuwa shambani. Akaridhika.

Mimi sijaridhika. Tangu azaliwe, nikilima yuko mpakani mwa shamba, nikichota maji yuko mgongoni. Jumatatu nitamwacha kwenye dawati, nitageuka, nitateremka ule mlima wa shuleni.

Mgongo mtupu unatembeaje?